Mbunge wa Miezi Kumi na Mmoja

Kila asubuhi saa mbili, kabla mteja wa kwanza hajakaa, Papa Baudouin huvua saa yake ya mkono, huilaza mezani na kusema, "Dakika mbili." Halafu hufungua kalamu na kungoja.

Meza yenyewe iko chumba cha nyuma cha saluni ya mdogo wake, Mama Huguette, kwenye barabara inayoshuka kutoka Overport kwenda Sydenham, hapa Durban. Upande mmoja kuna mashine ya kukaushia nywele iliyokufa zamani, upande mwingine rafu ya mèches, nywele za bandia za kusukia, zimepangwa kwa rangi. Watu huja na makaratasi yao: kibali cha ukimbizi kinachoisha mwezi huu, shule inayotaka cheti cha kuzaliwa kilichobaki Fizi, kule Kongo, mwenye nyumba anayetaka watu watoke. Papa Baudouin huwaandikia barua kwa Kiingereza, taratibu, kwa mwandiko wa mtu aliyefundishwa na masista. Lakini kwanza kila mtu ana dakika mbili za kueleza shida yake, na zikiisha yeye hunyanyua mkono.

"Sasa Honorable," mama mmoja wa Isipingo alimwambia siku ya kwanza niliyokwenda, "kwa dakika mbili mi nitamaliza jina ya baba yangu tu."

"Basi acha baba. Anza na mwenye nyumba."

"Mwenye nyumba hawezi kueleweka bila kumweleza bibi yake."

"Iko dakika moja na nusu, mama."

"Eish! Kule Bunge yenu hata ndoa mlikuwa mnafunga kwa dakika mbili?"

Wasusi waliokuwa wakisikiliza nyuma ya pazia walicheka mpaka mmoja akaangusha chanuo. Papa Baudouin naye alitabasamu, ila hakuinua macho. Baadaye aliniambia kwamba dakika mbili ndizo alizokuwa akipewa yeye, kule, kutetea hoja moja.

Kwa maana Honorable si jina la utani. Mtu huyu, ambaye mchana hufua taulo za saluni na kuzianika uani, aliwahi kuwa mbunge wa Ufaransa, wa chama cha mrengo wa kushoto, kwa miezi kumi na mmoja. Watu wa Sydenham wanajua, na wanashangaa. Mtu mwenye pasipoti ile anafanya nini hapa?

Mimi nilitumwa kwake na Cyprian, katibu wa umoja wetu wa watu wa Kiswahili hapa Durban, ambao wengi wao ni Wakongo, sisi Watanzania tukifuata, na Wakenya wachache. Ilikuwa Aprili. Wabunge wa nchi hii walikuwa wanakuja mjini kusikiliza maoni ya watu juu ya muswada unaowagusa wakimbizi, na umoja ulikuwa umepewa nafasi ya msemaji mmoja. Msemaji huyo angechaguliwa na wanachama Jumamosi ya mwisho ya mwezi. Cyprian alitaka awe Papa Baudouin. Wengine walinung'unika kwamba yeye si mkimbizi, hajawahi kulala nje ya ofisi ya vibali, atasema nini? Kwa hiyo Cyprian alitaka kurasa mbili za maisha yake, zichapishwe na kugawiwa mlangoni siku ya uchaguzi.

"Wewe Sia umesoma, tena husengenyi," aliniambia. "Andika vizuri. Na ile habari ya kitufe usiiache. Hiyo ndiyo itakayompa kura."

Habari ya kitufe kila mtu aliijua. Wakati Papa Baudouin ni mbunge, Bunge la Ufaransa lilipiga kura juu ya sheria iliyowabana wageni wanaotaka kuleta familia zao. Papa Baudouin aliipinga. Lakini siku ya kura kidole kilikosea, akabonyeza kitufe cha ndiyo badala ya hapana, na sheria ikapita. Jioni ileile akaandika kwenye kumbukumbu za Bunge kwamba amekosea. Hakujificha. Akakubali kosa mbele ya nchi nzima. Wachungaji wawili ninaowajua wamewahi kuitumia habari hiyo kwenye mahubiri.

Nilikwenda siku nne, nikikaa mpaka alasiri, wateja wake wakishaondoka. Nilikuwa nimeandika maswali ishirini kwenye daftari, na sikuuliza hata moja. Nilimwamkia tu, "Shikamoo, Papa," naye, ambaye kwao desturi hiyo ya salamu haipo, alijibu kila mara, "Ndiyo, merci," kisha akaanza kusimulia huku akikunja taulo. Nami niliandika.

Alizaliwa Uvira, mtoto wa karani wa bandari ya ziwani. Mwaka 1989 alipata nafasi ya kwenda Ufaransa kujifunza ufundi wa magari. Miaka miwili baadaye pesa za masomo zilikatika, akaingia kazi kwenye gereji ya mabasi ya mji mmoja wa viwanda, kaskazini, ambako mvua hunyesha, alisema, kama mtu anayekulaumu. Alikaa pale miaka ishirini. Alipata uraia. Alioa, akaachwa, na hilo alilisema kwa sentensi moja. Aliingia chama cha wafanyakazi, halafu chama cha siasa, kwa sababu ya rafiki yake mmoja, mchomeleaji aitwaye Gaël, aliyemwambia kwamba mtu asiyebandika bango hana haki ya kulalamika.

"Tulibandika," alisema. "Miye na Gaël, na ndoo ya gundi. Jumapili sokoni tunagawa karatasi. Watu wananiuliza, weye unauza nini? Ninasema, siuzi kitu, madame. Wanakimbia zaidi."

Aliingia baraza la mji. Alikuwa mtu wa bustani za shule na taa za barabarani, na alipenda kazi hiyo. Halafu ukaja uchaguzi mkuu, na chama kikamsimamisha wakili mmoja, Madame Hennart. Kule kila mgombea ubunge husimama na mbadala wake. Mgombea akishinda, halafu akateuliwa kuwa waziri, hawezi kubaki bungeni. Mbadala ndiye anayeingia kukalia kiti. Waziri akiacha uwaziri, baada ya mwezi mmoja kiti kinarudi kwake, na mbadala anakwenda nyumbani.

"Walihitaji mtu wa gereji, mweusi, asiye na maneno mengi," alisema, bila uchungu. "Kwenye bango uso wake ulikuwa mukubwa hivi. Wangu kama stempu."

Madame Hennart alishinda. Mwaka haujaisha akateuliwa waziri. Papa Baudouin alikuwa chini ya basi alipopigiwa simu, akaambiwa aje Paris, na kwanza anawe mikono.

Siku ya kwanza, mhudumu mwenye mkufu shingoni alimwambia, "Karibu, Mheshimiwa," naye akageuka nyuma kuona anayekaribishwa ni nani. Hilo alilisimulia akicheka mpaka akakohoa. Alikumbuka kila kitu cha miezi ile: kitanda cha kukunja ofisini, harufu ya nta ya viti, mbunge wa upande wa pili aliyeiga lafudhi yake, na kicheko kilichofuata, jinsi kilivyokuwa kifupi. Alikumbuka hoja yake ya kwanza. Ilikuwa mstari mmoja: mtoto ambaye mzazi wake hajalipa asinyimwe chakula cha shule. Aliijua shida hiyo kutoka mjini kwake. Aliandika dakika mbili zake mara saba. Waziri akajibu kwamba serikali haiafiki. Mwenyekiti wa wabunge wa chama, aliyekaa mbele yake, akageuza shingo na kusema polepole, "Ondoa, Baudouin."

"Nikasimama, nikasema, ninaiondoa. Nusu dakika. Iko moja na nusu sikutumia." Alikunja taulo, akaifungua, akaikunja upya. "Ukishaondoa moja, binti, zingine zinatoka zenyewe."

Alasiri ya nne alifika kwenye sheria ile. Alieleza vizuri jinsi ilivyoletwa na serikali ya chama chake mwenyewe, kwa kuogopa uchaguzi wa mitaa. Mtu aliyepewa hifadhi, kabla ya kuita mke na watoto, angetakiwa kwanza kuonyesha mkataba wa kazi wa kudumu na nyumba ya ukubwa fulani. Alieleza jinsi mwenyekiti alivyowakusanya na kuwaambia kwamba atakayempinga waziri asitegemee kuona jina lake kwenye orodha yoyote ijayo ya wagombea. Alikumbuka rangi ya tai ya mwenyekiti.

Halafu akafika kwenye kura yenyewe, na simulizi ikabadilika. Akasema, "Mbele ya kila kiti kuna vitufe vitatu. Mkono ulitetemeka. Kidole kilikosea." Ndivyo tu, maneno yaleyale ninayoyasikia kwa Cyprian, kwa mpangilio uleule. Hakukuwa na tai, wala harufu, wala aliyekaa kushoto. Niliyaandika, nikapiga mstari chini yake, nikaona aibu kwa ule mstari.

Miezi mitano baadaye Madame Hennart alitoka serikalini na kuchukua kiti chake. Papa Baudouin alirudi gereji. Nilidhani angesimulia jinsi wenzake walivyompokea, lakini alisema tu kwamba Gaël alikuwa amehama, halafu, kama aliyekumbuka kwamba naandika, akasema, "Hapana. Hakuhama. Aliacha kunisalimia." Miaka sita iliyopita Mama Huguette alifanyiwa upasuaji wa tumbo, naye Papa Baudouin akaja kumuuguza kwa wiki sita. Hakurudi. Analala sebuleni kwa mdogo wake, anaamka kabla ya wote na kuwasha maji.

Siku hiyo alipokwenda uani kuanika, Mama Huguette aliniita nikae kwenye kiti kilichokuwa wazi karibu yake. Alikuwa anamsuka Belinda, nesi Mtanzania anayeishi juu kule Berea.

"Amekueleza ya kitufe?" aliniuliza.

Nikaitikia kwa kichwa.

"Hakuelezi mambo yangu, huyo. Anaona haya." Alikata uzi kwa meno. "Nilikuwa hapa Durban na mutoto wangu Marcelline, alikuwa na miaka tisa. Bwana yangu Achille alikuwa ameshafika Ufaransa, amepata hifadhi, ametuombea. Dossier yetu, makaratasi yote, iko ndani, tunangoja tu. Tulikuwa tumeshagawa sufuria. Ndipo sheria ile inakuja. Nikampigia yaya, kaka yangu huyu, simu, wiki mbili kabla ya kura. Nikamwambia, yaya, hiyo itatufungia mulango. Achille anafunga mboga kwenye mikebe, mkataba wa kudumu atautoa wapi? Akaniambia, Huguette, lala. Miye nitapiga contre, hapana. Nikalala."

"Na kidole kikafanya mambo yake," Belinda alisema.

"Kidole kikafanya mambo yake. Sasa utafanya nini na kidole? Utakikata? Tulikataliwa. Achille alingoja mwaka, miaka miwili, mitatu. Mwanaume naye si gunia. Sasa iko na watoto wawili na mwanamke wa kule." Alisema hivyo kama anayetaja bei ya mèches. "Marcelline alimjua baba yake kwa simu mpaka simu ikachoka."

"Na hukumkasirikia kaka yako?" nilimuuliza.

"Dada, kosa ni kosa! Mutu mwingine angenyamaza. Yeye alisema mbele ya Ufaransa yote, nilikosea. Ngoja."

Alifuta mikono, akachukua Biblia kwenye droo ya vibanio, akanionyesha kipande cha karatasi kilichobandikwa ndani ya jalada. Kilikuwa chembamba kama utepe. Jina la Papa Baudouin, na maneno kwamba alikuwa ametaka kupiga kura ya hapana. Kilikuwa kimekatwa kwa mkasi, kwa uangalifu, juu ya mstari na chini ya mstari.

"Alinitumia kwa posta," alisema. "Siku nikiwaza mabaya, ninasoma hii."

Nilisomea historia na Kifaransa. Nimezoea kutafuta karatasi nzima. Nasema hivi kwa kujitetea, kwa sababu nilichofanya kesho yake hakuna aliyenituma. Nilikwenda maktaba ya chuo, nikafungua kumbukumbu za Bunge lile kwenye kompyuta, nikatafuta tarehe. Nilijiambia nataka tu kuandika jina la sheria bila makosa.

Kura za ndiyo zilikuwa mia mbili sabini na moja. Za hapana, mia mbili sitini na saba. Tofauti ya nne. Chini yake, kwa herufi ndogo, kulikuwa na sehemu ya masahihisho, mahali ambapo mbunge anaweza kuandikisha kwamba alitaka kupiga kura tofauti na ile iliyohesabiwa. Masahihisho hayabadilishi matokeo. Yanabaki pale tu, kwa atakayesoma.

Majina yalikuwa sita. La Papa Baudouin lilikuwa la nne. Wote sita walikuwa wa chama chake, wote walikuwa wamepiga ndiyo, wote walisema walitaka hapana, kwa maneno yaleyale. Kama vidole vile sita vingekwenda kwingine, muswada ungeanguka.

Nilisoma ukurasa ule mara nyingi kuliko ulivyohitaji. Mtu mmoja anaweza kukosea kitufe, hilo nakubali. Nilijaribu kuwaza watu sita, ndani ya chama kimoja, jioni moja, wakitetemeka mikono. Nikamkumbuka mwenyekiti na orodha yake. Serikali ilipata sheria, na wale sita wakapata mstari mmoja kila mmoja wa kuwaonyesha watu wa kwao. Halafu nikaukumbuka ule mkasi, jinsi ulivyopita juu ya mstari na chini yake, ili jina la tatu lisionekane wala la tano.

Sikuchapa ukurasa ule. Nilifunga kompyuta kama mtu aliyefungua mlango wa bafu na kumkuta mtu mzima ndani.

Siku mbili sikuandika kitu. Cyprian alipiga simu. "Iko wapi kazi? Mchapaji anangoja." Nikasema karibu. Nilitaka kumwambia. Lakini nilimwona Mama Huguette na Biblia yake, na pia, lazima niseme, nilijua kwamba habari ya kitufe ndiyo sehemu nzuri kuliko zote nilizokuwa nimeandika. Ilikuwa na mdundo. Ningeiacha, zilizobaki zingekuwa taulo na taa za barabarani. Basi nikaiandika kama ilivyo midomoni mwa watu. "Siku ya kura, kwa bahati mbaya, kidole chake kilikosea." Niliongeza hata mkono uliotetemeka. Nikaituma kwenye simu ya Cyprian, naye akajibu, "Sharp! Watu watalia."

Ijumaa, siku moja kabla ya uchaguzi, tulikwenda wote wawili saluni. Papa Baudouin alitakiwa kusaini kwamba ameafiki. Alikuwa amejitayarisha kwa tai. Cyprian alimpa kalamu.

"Sijasikia iko nini ndani," Papa Baudouin alisema.

"Si maisha yako, mzee? Unayajua."

"Hata wateja wangu hawasaini bila kusomewa. Binti asome."

"Asome hapa mbele!" Mama Huguette aliita kutoka upande wa pili wa pazia. "Na sisi tusikie. Miye ndiye ninayemlisha."

Pazia likavutwa. Kulikuwa na wanawake watano, mmoja na dawa kichwani. Mama Huguette alipunguza redio, akafuta mikono, akasimama huku ameegemea kiti cha kuoshea nywele. Marcelline naye alikuwepo, amekuja kuchukua funguo kabla ya zamu yake dukani. Alibaki mlangoni, mkoba begani. Papa Baudouin alikaa na rundo la taulo mapajani, kwa sababu hajui kukaa bure.

Sauti yangu ni ndogo. Nilisoma Uvira na bandari, wakasema, "Ongeza!" Nilisoma mvua ya kaskazini na ndoo ya gundi, wakacheka. Nilisoma hoja ya chakula cha shule, na mwanamke mwenye dawa kichwani akasema, "Iko na roho nzuri, mzee huyu." Papa Baudouin alitazama taulo.

Nikasoma sheria. Nikasoma, "Siku ya kura," na hapo nikainua macho, sijui kwa nini. Nikaona midomo ya Mama Huguette inatembea. Alikuwa ananitangulia. Alikuwa anayasema maneno kabla sijayasema, kimya, kama watu wanavyofanya kanisani, uso wake umetulia, umelainika. Alikuwa anangoja nifike kwenye kidole.

Sikuweza kufika. Karatasi ilikuwa mkononi, maneno yalikuwa yangu, nimeyaandika mwenyewe kwenye kompyuta yangu, na niliishia palepale, "Siku ya kura." Niliona aibu kwa ajili yake, na kwa ajili yangu, na sikuweza tena kuzitenganisha aibu hizo mbili.

"Soma, mutoto," Mama Huguette alisema kwa upole. "Usiogope. Sisi wote tunaijua."

"Sia," Cyprian alisema, "imebaki nusu ukurasa. Mchapaji anafunga saa sita."

Nilikunja karatasi. Nilimgeukia Papa Baudouin. Yeye alikuwa ameacha kukunja. Mikono yake ilikuwa imelala juu ya taulo, na alikuwa ananitazama, kwa mara ya kwanza tangu nianze kwenda pale, usoni kabisa, na nikajua kwamba anajua nimeziona zile kumbukumbu za Bunge. Hakunifanyia ishara yoyote ya kunyamaza. Hakuniomba kitu.

"Papa," nilisema, "siku ile ulikosea kitufe?"

Marcelline alishusha mkoba begani. Cyprian akacheka kidogo. "Swali gani hilo? Si umeshaandika mwenyewe?" Mama Huguette alikuwa bado na midomo nusu wazi, pale neno lilipokatikia.

Papa Baudouin aliziweka taulo chini. Hakunijibu mimi. Alimgeukia mdogo wake.

"Hapana," alisema. "Sikukosea, Huguette. Nilibonyeza pour, ile ya ndiyo, nikijua, juu ya kuogopa kukosa kiti uchaguzi ujao."